Tableti haionyeshi betri: kerneli yako imekosa draiva zipi?

Swali la msomaji: Nina kompyuta kibao ya inchi 8 yenye prosesa ya Intel Atom Z3735F, nayo natumia Linux. Nilikompaili kerneli yangu mwenyewe, toleo la 6.6. Ili kazi iishe haraka niliifanyia kwenye kompyuta ya mezani kwa make localmodconfig, halafu nikaongeza kwa mkono draiva za skrini ya mguso na Wi-Fi. Vyote vinafanya kazi ila alama ya betri haipo kabisa, na saraka ya /sys/class/power_supply ni tupu. Nikirudi kwenye kerneli ya distro, alama inaonekana. Nimepakia moduli za battery na ac, hazikusaidia. Nakosa draiva gani?

Jibu:

Ndugu, umekosa zaidi ya moja, na hizo mbili ulizopakia zisingeweza kukusaidia hata kama ungezipakia mara kumi. Habari njema ni kwamba betri yako ni nzima na chipu inayoipima ni nzima pia, la sivyo kerneli ya distro isingeonyesha kitu.

Tuanze na battery na ac, kwa sababu ndizo zinazowapoteza wengi. Kwenye laptopu ya kawaida kuna kidhibiti kidogo ubaoni kinachopima betri, na kerneli huongea nacho kupitia ACPI, yaani jedwali na msimbo wa firmware unaoieleza kerneli vifaa vya mashine: betri inajulikana humo kwa jina PNP0C0A, na chaja kwa ACPI0003. Moduli ya battery inahudumia jina la kwanza, ac inahudumia la pili. Tableti nyingi za kizazi chako, kile Intel ilichokiita Bay Trail, hazina kidhibiti hicho. Waya za betri zinaingia moja kwa moja kwenye chipu ya umeme, yaani PMIC, na kwenye tableti nyingi za Z3735F chipu hiyo ni AXP288 ya X-Powers. Chipu hiyo moja inagawa volti kwa prosesa, inachaji betri, inapima mkondo na kukadiria asilimia.

Sasa sikiliza hapa. Jedwali za ACPI za tableti hizi mara nyingi bado zinataja PNP0C0A, lakini msimbo wake hauaminiki. Kwa hiyo watunzaji wa kerneli waliamua hivi: kerneli ikiona AXP288 imetajwa kwenye ACPI (jina lake humo ni INT33F4), inaziruka kwa makusudi betri na chaja za ACPI na kuiachia kazi draiva ya AXP288 yenyewe. Uamuzi wenyewe ni mzuri. Tatizo ni kwamba kerneli haiangalii kama draiva hiyo umeikompaili au la. Imefunga mlango wa kwanza, wa pili haukuwekwa, na wewe unabaki na saraka tupu bila hata mstari mmoja wa kosa.

Hakikisha kwanza kwamba ndiyo chipu uliyo nayo:

cat /sys/bus/acpi/devices/INT33F4:00/status

Ukipata 15, chipu ipo na imewezeshwa. Ukiambiwa faili halipo, una chipu nyingine, nitaigusia mbele. Kisha angalia config (orodha ya chaguo zilizowashwa) ya kerneli unayotumia sasa hivi:

grep -E 'AXP|IOSF_MBI|DESIGNWARE|PMIC_OPREGION|INT3496' /boot/config-$(uname -r)

Kama faili hilo hukulinakili kwenye /boot, jaribu zgrep juu ya /proc/config.gz, ambalo lipo ikiwa tu CONFIG_IKCONFIG_PROC iliwashwa.

Chanzo ninachokishuku ni localmodconfig. Amri hiyo inaangalia moduli zilizopakiwa kwenye mashine inapoendeshwa na kufuta zile zisizotumika. Kompyuta ya mezani haina AXP288, hivyo zote za ukoo huo zilifagiliwa. Skrini ya mguso na Wi-Fi uliziona zimepotea ukazirudisha. Betri hukuijua jina lake.

Usikimbilie kuongeza AXP288_FUEL_GAUGE, yaani draiva ya kipima chaji, peke yake. Wengi hufanya hivyo, wanakompaili tena saa nzima, na saraka inabaki tupu. Hiyo ni kwa sababu kipima chaji ni pete ya mwisho ya mnyororo, na pete zinazotangulia ni hizi:

Ya kwanza ni njia ya I2C, waya mbili ambazo chipu huongea kupitia kwazo, ambayo AXP288 inakaa juu yake, kwenye anwani 0x34. Draiva yake ni I2C_DESIGNWARE_PLATFORM. Kama skrini yako ya mguso ni ya I2C, na nyingi za namna hii ni za I2C, basi pete hii tayari unayo. Lakini njia inayokwenda kwenye PMIC ina jambo la ziada: kipande cha prosesa kinachoitwa P-Unit nacho huitumia kubadili volti, bila kumuuliza mtu. Linux na P-Unit wanapaswa kupeana zamu, na zamu hiyo inasimamiwa na I2C_DESIGNWARE_BAYTRAIL pamoja na IOSF_MBI. Ukiziacha, wawili hao wanaweza kugongana njiani. Matokeo ni tableti inayoganda ghafla, na hakuna atakayefikiria kwamba kosa linatoka kwenye betri.

Ya pili ni MFD_AXP20X_I2C. Hii ndiyo draiva mama ya chipu. Yenyewe haionyeshi asilimia yoyote. Kazi yake ni kuitambua AXP288 na kuigawa vipande: axp288_adc, axp288_extcon, axp288_charger, axp288_fuel_gauge na vinginevyo. Kila kipande kinasubiri draiva yake.

Ya tatu ni AXP288_ADC, iliyo chini ya menyu ya IIO, ambayo hugeuza volti na mkondo kuwa namba. Kipima chaji kinaomba namba zake kutoka hapa. Asipopatikana mtoaji, hakilalamiki: kinajiweka kwenye foleni ya kusubiri, na kitasubiri mpaka uzime mashine.

Ya nne ni EXTCON_AXP288, inayotambua ni chaja ya aina gani imechomekwa kwenye USB. Draiva ya AXP288_CHARGER haikubali hata kuchaguliwa bila hiyo. Na kama ACPI ya tableti yako inataja pia INT3496, ambayo ni swichi ya USB ya OTG, draiva ya chaja itaisubiri nayo, hivyo ongeza EXTCON_INTEL_INT3496. Ndipo sasa unafika kwenye AXP288_CHARGER na AXP288_FUEL_GAUGE zenyewe.

Unaweza kuuona mnyororo huu kwa macho kabla ya kukompaili chochote:

ls /sys/bus/platform/devices | grep axp288

Orodha ikiwa tupu, draiva mama haipo au haikufika kwenye chipu; rudi kwenye pete mbili za kwanza. Orodha ikiwa na majina, ingia ndani ya kila moja na utafute kiungo kinachoitwa driver. Kwa mfano /sys/bus/platform/devices/axp288_adc/driver. Kipande chenye kiungo kimepata draiva yake, kisicho nacho ni yatima. Kipande kikiwa yatima ilhali moduli yake imepakiwa, soma foleni:

sudo cat /sys/kernel/debug/devices_deferred

Ukikuta humo axp288_fuel_gauge, jua kinasubiri ADC. Ukikuta axp288_charger, kinasubiri extcon ya AXP288 au INT3496. Faili hili ni la thamani kuliko dmesg, yaani kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, katika tatizo hili, kwa sababu kusubiri si kosa, na dmesg hupenda makosa.

Sasa kazi yenyewe. Njia safi ni kuanza na config ya distro, ambayo tayari inafanya kazi, na kuendesha localmodconfig kwa orodha ya moduli za tableti badala ya za mezani. Washa tableti kwa kerneli ya distro, kisha:

lsmod > tableti.txt

Nakili faili hilo na config ya distro kwenye mashine ya kukompailia, weka config hiyo kama .config ndani ya saraka ya kerneli, na uendeshe:

make LSMOD=$HOME/tableti.txt localmodconfig

Chomeka kwenye tableti kila kifaa utakachokihitaji kabla ya kuchukua lsmod, hasa flashi na kibodi ya USB, la sivyo utavifagia hivyo pia. Kama hutaki kurudia yote na unataka kurekebisha .config uliyo nayo, basi:

scripts/config -e X86_INTEL_LPSS -e IOSF_MBI -e PINCTRL_BAYTRAIL

scripts/config -e I2C_DESIGNWARE_CORE -e I2C_DESIGNWARE_PLATFORM -e I2C_DESIGNWARE_BAYTRAIL

scripts/config -e MFD_AXP20X_I2C -e PMIC_OPREGION -e XPOWER_PMIC_OPREGION

scripts/config -e IIO -m AXP288_ADC -e EXTCON -m EXTCON_AXP288 -m EXTCON_INTEL_INT3496

scripts/config -m AXP288_CHARGER -m AXP288_FUEL_GAUGE

make olddefconfig

X86_INTEL_LPSS imewekwa mwanzo kwa sababu ndiyo inayoleta saa za kifaa ambazo draiva ya I2C inazitegemea. Nayo huwasha COMMON_CLK, ambayo bila hiyo chaguo la I2C_DESIGNWARE_PLATFORM halionekani hata kwenye menyu. Za njia ya I2C na draiva mama nimezitia ndani ya kerneli kwa -e badala ya kuziacha moduli. Sababu ni XPOWER_PMIC_OPREGION: msimbo wa ACPI huwasha na kuzima vifaa kwa kuigusa PMIC, na huanza kufanya hivyo mapema sana wakati wa kuwaka. Njia ikiwa bado haijapakiwa, maombi hayo ya mwanzo yanaanguka.

Ukishaendesha olddefconfig, rudia ile grep juu ya .config. Usiruke hatua hii. scripts/config inaandika chochote unachoiambia bila kuuliza, kisha olddefconfig inafuta kimyakimya kila chaguo ambalo tegemezi zake hazikutimia. Ukiona AXP288_CHARGER imetoweka, tatizo haliko kwake bali kwa EXTCON_AXP288 au IOSF_MBI iliyo juu yake.

Kabla ya kuondoka kwenye config, angalia kitu kimoja kisichohusu betri: CONFIG_EFI_MIXED iwe y. Tableti nyingi za Bay Trail zina prosesa ya biti 64 lakini UEFI ya biti 32, na kerneli ya biti 64 isiyo na chaguo hilo haitawaka humo. Kisha make, modules_install na install kama kawaida yako. Usikompailie kwenye tableti yenyewe ikiwa ina RAM ya GB 1 au 2. Itaishia kusaga kwenye swap.

Ukiwasha upya, mambo mawili ya kawaida yanaweza kukuzuia. Modprobe ikisema "Invalid module format", moduli na kerneli si za toleo moja: umenakili moduli ukasahau kerneli, au kinyume chake. Linganisha uname -r na neno la kwanza la mstari wa vermagic unaotolewa na modinfo axp288_fuel_gauge. Lazima zioane herufi kwa herufi, pamoja na mkia wowote ulioongeza kwenye jina la toleo. Ikisema "Key was rejected by service", Secure Boot imekataa moduli isiyo na sahihi. Zisaini kwa ufunguo uliousajili, au zima Secure Boot kwenye mipangilio ya UEFI.

Mambo yakienda sawa, /sys/class/power_supply itakuwa na axp288_charger na axp288_fuel_gauge. Jaribu:

cat /sys/class/power_supply/axp288_fuel_gauge/uevent

Namba zake ni za mikrovolti na mikroampea. VOLTAGE_NOW ya 3846000 ni volti 3.846, ambayo ni ya kuaminika kwa seli moja ya lithiamu. Seli hizo hufanya kazi takribani kati ya volti 3 na 4.2, nyingine hadi 4.35. Usishangae CURRENT_NOW ikibaki ileile ukirudiarudia amri. Draiva husoma chipu mara moja tu kwa kila sekunde 60 hivi na kukupa nakala kwa muda uliobaki, kwa sababu kila usomaji unalazimisha P-Unit isimame kidogo. Ukiona faili zipo na zina namba lakini alama kwenye skrini haijarudi, kerneli imemaliza kazi yake. Anzisha upya huduma ya upower, inayoipa skrini taarifa za betri, na uangalie upower -d.

Kuna hali ambazo hata mnyororo ukikamilika hautapata kitu, na ni vizuri uzijue usije ukakompaili bure. Dmesg ikiwa na maneno "axp288 not configured by firmware", kipima chaji kimekuta BIOS haikuandika ujazo wa betri ndani ya chipu, kikajitoa. Hiyo si draiva iliyokosekana. Jaribu kuzima kabisa na kuwasha, au kurudisha mipangilio ya UEFI ya kiwandani, maana kazi hiyo ni ya BIOS na si ya Linux. Draiva ina pia orodha ya mashine zisizo na betri zinazotumia chipu hiihii, kama visanduku vya televisheni na vijiti vya HDMI, na huko hukataa makusudi.

Asilimia ikionekana lakini ni ya ovyo, mathalani inakaa 100 saa mbili kisha inashuka ghafla, tazama mambo mawili. Chipu hujifunza ujazo kwa kupima mkondo unaoingia na kutoka, hivyo betri iliyochoka huhitaji mzunguko mzima wa kuchaji hadi juu na kutumia hadi chini ili makadirio yarudi. Ikiendelea vilevile na CURRENT_NOW ni upuuzi, inawezekana ubao hauna kinzani cha kupimia mkondo, au kina hitilafu. Kwa hali hiyo draiva ina kigezo chake. Andika mstari huu kwenye /etc/modprobe.d/axp288.conf:

options axp288_fuel_gauge no_current_sense_res=1

Draiva itaacha kutaja mkondo na kutegemea volti pekee. Asilimia itakuwa ya makadirio, lakini haitakudanganya kwa kiwango kile.

Onyo moja, na hili nalisema kwa msisitizo: usiandike chochote kwa i2cset kwenye anwani 0x34 ati unajaribu. Chipu hiyo ndiyo inayolisha prosesa na kuamua volti ya kuchaji betri. Rejista moja isiyo sahihi inaweza kuzima tableti papo hapo, au kuchaji lithiamu kupita kiasi. Ukiendesha i2cdetect na kuona UU mahali pa 34, furahi. Maana yake draiva imeshaishika.

Kwa wenye tableti tofauti na yako, kanuni ni ileile ya kujua chipu kwanza. Ukikuta INT33FD badala ya INT33F4, ni Crystal Cove ya Intel. Hapo ACPI hairukwi, na moduli ya battery inahitajika kweli, ikisaidiwa na INTEL_SOC_PMIC na BYTCRC_PMIC_OPREGION. INT34D3 ni Whiskey Cove ya kizazi cha Cherry Trail, ambako ACPI huweza kurukwa tena na kipima chaji huwa chipu ya pembeni, mfano MAX17047, inayohudumiwa na max17042_battery. Tableti za Intel zilizotoka kiwandani na Android ni kichwa kingine cha maumivu: jedwali zao za ACPI zina makosa mengi kiasi kwamba kerneli ina moduli maalumu, X86_ANDROID_TABLETS, inayovitaja vifaa vyao kimoja kimoja kwa jina la modeli. Modeli yako isipokuwa humo, draiva hata ikiwepo haitajua chipu iko wapi. Surface 3 inahitaji SURFACE_3_POWER_OPREGION, na Surface mpya kama Pro 7+ zinahitaji SURFACE_AGGREGATOR, SURFACE_AGGREGATOR_REGISTRY, BATTERY_SURFACE na CHARGER_SURFACE, ambazo zimo kwenye kerneli kuu tangu 5.13.

Kwenye tableti nyingi za ARM Linux haitumii ACPI. Kila kitu hutajwa kwenye device tree, maelezo ya vifaa ambayo kerneli huyasoma kutoka faili la dtb. Huko draiva inaweza kuwa imekompailiwa vizuri na bado isiamke, kwa sababu faili la dtb halina nodi ya kipima chaji chini ya njia yake ya I2C. Vipima vya ukoo wa bq27xxx hukaa kawaida kwenye 0x55, na betri za SBS kwenye 0x0b. Ukiandika nodi ya simple-battery, kumbuka charge-full-design-microamp-hours ni mikroampea-saa: betri ya mAh 4000 huandikwa 4000000. Ukiandika 4000 kama ilivyo kwenye lebo, utakuwa umeitangaza betri ya mAh 4.